Nyumba Tisa za Chini

Jumatatu, 7 Machi

Mtu mzima akifika kwa watu hupiga hodi. Hata paka wa jirani husimama mlangoni kwanza akatazama nyuso. Wewe mpima wa ofisi ya mji, uliyevaa suruali ya kaki niliyoipiga pasi kwa mikono yangu wiki iliyopita, umekuja kwenye ukuta wangu na ndoo ya chokaa, ukachora alama ya kukata, ile ambayo mwalimu humpigia mtoto aliyekosa hesabu, kisha ukasogea nyumba ya pili. Nani alikulea? Nilikunyang'anya brashi na sijutii.

Alipoona brashi iko kwangu ndipo akapata ulimi. Akasema nyumba tisa za chini, kuanzia kwangu mpaka kwa fundi viatu, zinatuamisha maji, na maji yaliyotuama huleta homa. Atarudi Ijumaa tarehe 29 Aprili, mvua zikiwa zimekolea. Akikuta maji ndani, nyumba zote tisa zitavunjwa kiangazi na sisi tutahamishiwa ng'ambo ya reli. Ng'ambo ya reli hakuna bomba. Mtaa wetu ni wa madobi. Dobi bila maji ni nani?

Nikamwambia mtaa huu haujawahi kuingia maji tangu uanze. Akauliza, ulianza lini, na nani anajua? Ofisi haina karatasi hata moja. Mjukuu wangu, anayesoma darasa la nne, akanipa daftari lake lililobakiza kurasa. Akasema, Bibi, andika wewe, ndiwe uliyeuona ukianza. Basi ninaandika. Anayecheka herufi zangu aje afue yeye.

Jumanne, 8 Machi

Jua. Mashuka ya hoteli yamekauka kabla ya saa sita.

Alhamisi, 10 Machi

Habari za mtaa.

Vita vile vikubwa vilipokwisha, huu sasa mwaka wa kumi na tisa, wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo walirudi nusu. Wangu alirudi na kifua kibovu, akakaa miaka miwili, akafa. Ofisi ikatupa wajane na wabeba mizigo kipande hiki cha chini kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Tope lilikuwa la magoti. Nyuma palikuwa na mtaro wa mawe, uliochimbwa kuteremsha maji ya mtaa wa juu mpaka bondeni. Tulianza nyumba tatu. Tukafua nguo za askari, halafu za makarani, halafu za kila mwenye kola.

Herufi nilifundishwa na kola hizo. Kila mteja ana alama yake ya uzi ndani ya shingo, na anayekosea alama humvalisha hakimu shati la mpishi. Mimi sijakosea.

Udongo mgumu mnaoukanyaga leo niliutengeneza mimi. Niliwaambia wanawake wenzangu: jivu la pasi na la majiko msilitupe mbali, limwageni pale nyuma, kisha mlimwagie maji ya wanga yaliyobaki ya kukazia kola, halafu mlikanyage kwa miguu. Jivu na wanga vikishikana huwa jiwe. Tukafanya hivyo kila jioni, mwaka baada ya mwaka. Tope likaisha. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kuangalia.

Bomba likaja. Taa mbili za barabarani zikaja. Kisha ukaja mwaka kazi zilipokufa kila mahali, makarani wakafukuzwa, mashati yakapungua, tukawa tunashirikiana pasi tano nyumba kumi na nne. Mwaka huohuo ofisi iliwapa watu vibarua, wakaufunika mtaro kwa mabamba ya mawe. Juu ya mabamba hayo, nyuma ya nyumba yangu, mwanangu alinijengea chumba cha kupigia pasi. Ndio kwanza alikuwa ameanza uashi, na ule ni ukuta wa kwanza wa maisha yake. Una madirisha mawili. Mtaa mzima mwenye chumba cha pasi ni mimi peke yangu.

Hayo ndiyo nitakayomsomea mpima.

Jumapili, 13 Machi

Kinyozi amesoma gazeti kwa sauti. Anasema vita vinanukia tena huko duniani. Sina nafasi ya vita, nina kola arobaini.

Jumanne, 15 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Ilianza saa nane mchana, na saa kumi maji yalikuwa kizingitini kwa fundi viatu.

Fundi viatu ndiye wa mwisho kule chini. Vita vilimrudisha na mguu mmoja mfupi, akaoa akiwa amechelewa, na sasa mke wake ana mimba ya miezi minane. Nilipofika alikuwa juu ya kibao chake anashona. Akanipigia kelele tangu mbali kwamba amepata wateja wapya, vyura watatu, ila amewaambia hatengenezi pea, maana yeye mwenyewe tangu vita hana pea ya miguu.

Nikamwambia mguu umekuwa mfupi kwa sababu urefu wote umechukuliwa na ulimi.

Alicheka. Mke wake hakucheka. Alikuwa amekaa kitandani ameinua miguu, anayatazama maji kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

Jumatano, 16 Machi

Maji yamerudi nyuma. Yameacha mstari ukutani kwa fundi viatu, kimo cha vidole vinne.

Jumamosi, 19 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkazamwana wangu, mkwe niliyeletewa na mwanangu, tangu aolewe ni mtu wa kunyamaza. Ukimwuliza, anajibu "ndiyo, Mama" na mawazo yako kwingine. Nilidhani ni uvivu. Leo nimekwenda bombani nikamkuta anazungumza na yule msaidizi wa mpima, kijana wa kubeba mnyororo wa kupimia. Wanainama chini wanachora kwa kijiti. Aliponiona akafuta kwa mguu.

Nilimwuliza nyumbani walikuwa wanachora nini. Akasema hakuna kitu, Mama. Mwanangu anakula, macho kwenye sahani. Mpima ameshajua kwamba kwa fundi viatu maji yaliingia, nani amemwambia? Mimi sikusema.

Jumanne, 22 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Nyumba nne za mwisho zimeingia maji. Nguo hazikauki, tunaanika ndani, watu wanatembea wameinama chini ya mashati kama wezi. Harufu ya unyevu haitoki hata ukipiga pasi mara mbili. Karani mmoja amerudisha suruali akisema inanuka kisima. Miaka yote hii sijarudishiwa nguo.

Nimepanda mpaka mtaa wa juu kuangalia. Kule pakavu. Wanaishi watu wa karakana ya reli, wamechimba mifereji mipya mbele ya nyumba zao, mizuri, imenyooka, yote inatuteremshia sisi. Nimerudi na kuwaambia majirani. Sasa tunajua adui yuko wapi.

Jumatano, 23 Machi

Mvua.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua. Mkwe ameondoka na ndoo ya buluu, ile tunayosuuzia nguo nyeupe, akarudi nayo tupu. Buluu hainunuliwi ili imwagwe njiani. Ninamhesabia.

Jumatatu, 28 Machi

Ukuta wa fundi viatu umeanguka.

Ilikuwa asubuhi, watu wako kazini. Mvua ilikuwa imetulia, ndiyo maana hakuna aliyeogopa. Nilisikia kishindo kama gunia lililotupwa toka juu, halafu fundi akimwita mke wake. Hamwiti hivyo siku zote. Siku zote humwita kwa utani, "mwenye nyumba". Leo alimwita "mke wangu, mke wangu", mara nyingi bila kupumua.

Tulikwenda sisi wanawake wenye mikono yenye sabuni. Maji yalikuwa magotini. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala juu ya kibao cha kazi, na viatu vya watu vinaelea. Mke alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, mzima, vumbi kichwani. Kama ingekuwa nusu saa baadaye fundi angekuwa pale kwenye kibao, na mke anampelekea chai.

Aliyemfikia wa kwanza ni mkwe wangu. Sikumwona akipita. Alimbeba mgongoni mwanamke mwenye mimba ya miezi minane mpaka juu kwangu, na akarudi kumtoa fundi, ambaye hakutaka kutoka. Alikuwa anaokota viatu. Nilimfokea kwamba viatu ni vya watu, watu wana vingine. Akanijibu polepole kwamba vita vilipoisha walimpa vitu viwili, mguu huu na kiwanja hiki, na kiwanja ndicho kilichokuwa kizima.

Wamelala kwenye chumba changu cha pasi. Ninapiga pasi sebuleni.

Siku zimebaki thelathini na mbili. Ninazihesabu hata nikiwa ninasuuza.

Jumamosi, 2 Aprili

Leo mkwe amefungua mdomo na heri angeendelea kuufunga.

Tulikuwa wawili. Ananishikia shuka upande wa pili tulikunje. Akasema, "Mama, maji hayaletwi na mtaa wa juu." Nikamwambia ashike shuka. Akashika, akaendelea. Akasema yule kijana wa mnyororo alimchorea mtaro unavyopita chini ya mabamba, tangu juu mpaka mdomo wake kule bondeni. Basi akamwaga ndoo ya buluu juu, pale mtaro unapoingia mtaani, akakimbia chini kusubiri. Akasubiri mpaka nguo zote zikaanikwa. Maji ya buluu hayakutoka. Akarudia siku tatu. Nafikiri ana wazimu wa kuweza kurudia siku tatu. Siku ya tatu buluu aliiona, lakini si bondeni. Ilitokea sakafuni kwa fundi viatu.

"Mtaro umeziba katikati, maji yanapenya udongoni mpaka kwa aliye chini kabisa," akasema. "Nimeingiza mkono kwenye ufa wa mabamba. Ni jivu, Mama. Jivu na wanga. Limekuwa jiwe."

Nikamwambia jivu langu liko juu ya mabamba, watu wanalikanyaga. Akasema ndiyo, na kila mvua huteremsha kidogo kwenye nyufa, na sisi kila jioni tunamwagia maji ya wanga.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana mjukuu husoma daftari hili akidhani sijui. Nilimwambia amekuja kwenye nyumba hii na sanduku moja. Nilimwambia anayejua ardhi ni aliyeikuta tope. Akakunja shuka peke yake, kwa kidevu na mikono miwili, akaliweka juu ya mengine, kingo sawasawa.

Jumapili, 3 Aprili

Sikutoka.

Jumatatu, 4 Aprili

Nimetoka. Nimechukua mtaimbo wa mwanangu nikasema nakwenda kutafuta kuku. Sina kuku.

Kati ya bamba la tatu na la nne pana ufa unaopitisha ngumi. Nikausukuma mtaimbo. Ulishuka shubiri moja ukasimama. Nikapiga. Ukatoa sauti ya sakafu. Nikaukwangua, nikautoa, ncha yake ilikuwa na unga wa kijivu na tabaka jeupe, kijivu na jeupe, kama keki. Kila mstari ni jioni moja. Nililamba kwa ulimi ili nisijidanganye. Ni wanga wangu.

Mwanamke mzima anasimama nyuma ya nyumba analamba mtaimbo. Kama mtu angeniona angesema Bibi Pasi amekwisha.

Jumatano, 6 Aprili

Sijamwambia mtu. Mkwe naye hajasema. Ananiwekea chai, ananiita Mama vilevile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenitangaza.

Nafikiri hivi: nikisema, watasema nimemvunjia fundi viatu nyumba. Nisiposema, tarehe 29 inakuja. Nimechoma kola mbili leo. Mbili.

Ijumaa, 8 Aprili

Wanaume wamekaa bombani tangu walipotoka kazini. Wanasema Jumapili watapanda mtaa wa juu kuziba mifereji ya watu wa reli kwa mawe, na atakayezuia atapigwa. Mwanangu yumo. Fundi viatu ameketi katikati yao na nyundo yake mapajani, hafanyi utani. Watu wa reli nao si wa kuachia. Wana mikono ya chuma. Nani aliwaambia kwamba adui yuko juu? Ni mimi, tarehe 22, na nimeisoma tena hapa kwa mwandiko wangu.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimesema.

Nilikwenda bombani jioni na ndoo tupu, kama mtu aliyefuata maji. Walikuwa kama thelathini. Marungu yameegemezwa ukutani mstari mmoja, safi, kama miavuli ya watu waliokuja kuabudu. Nilitaka kuanza kwa historia ya mtaa, nilivyoiandika. Haikutoka. Nikasema:

"Rudisheni marungu majumbani. Maji ya juu yanateremka vilevile kama siku zote. Kilichoziba mtaro ni jivu letu, na aliyewaambia mlimwage pale ni mimi."

Hawakuelewa. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ni mbaya zaidi. Nikaeleza buluu, nyufa, wanga. Nikasema aliyegundua ni mkazamwana wangu na mimi nikamtukana. Hilo nalo nililisema, maana ukishavua nguo hadharani huwezi kuacha soksi.

Mama mmoja wa nyumba ya sita akasema na sisi tulimwaga, Bibi, hukutushika mikono. Mwenzake akasema, alitushika, umesahau? Mimi alinishika mkono akanionyesha namna ya kukanyaga. Watu wawili watatu wakacheka. Kisha wote wakamtazama fundi viatu.

Yeye aliinuka, akaweka nyundo mfukoni. Akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikilikanyaga kwa mguu mbovu, nikijua ninasaidia." Akaondoka. Analala kwenye chumba changu. Alipita mlango wangu na hakusema usiku mwema.

Jumapili, 10 Aprili

Hakuna aliyepanda juu. Mvua.

Jumatatu, 11 Aprili

Tumeanza kuchimba. Mwanangu amegawa watu: kundi moja mdomo wa bondeni, kundi la pili juu mtaro unapoingia. Sururu, sepetu, mitaimbo, makarai yetu ya kufulia. Wanawake tunabeba, jivu linakwenda shimoni nje ya mji, nimesimama mwenyewe kuhakikisha.

Saa mbili alitokea fundi viatu na sepetu aliyoifupisha mpini ilingane na mguu. Alipita mbele yangu. Akasema, bila kunitazama, kwamba kama ningekuwa kiatu angenibadilisha soli siku nyingi zilizopita. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Kisha nikarudi kumwambia anashika sepetu kama kijiko.

Alhamisi, 14 Aprili

Bado. Jiwe tupu. Mitaimbo miwili imepinda.

Jumamosi, 16 Aprili

Watu wa reli wanne wameteremka na nyundo kubwa. Walisikia. Nimewafulia mashati.

Jumatatu, 18 Aprili

Toka bondeni tumekwisha kutoa hatua kumi na saba za jivu. Toka juu, kumi na moja. Kilichobaki katikati ni hatua sita na hakifikiki. Mabamba mengine tuliyainua, pale hayainuki. Wote wanajua kwa nini. Wanapofika karibu na nyumba yangu wanaanza kuzungumza habari nyingine, mvua, bei ya sabuni, vita vya gazetini. Mwanangu alipima kwa kamba, akapima tena, akasema labda mtaimbo mrefu zaidi utapatikana karakana. Hajawahi kunidanganya tangu azaliwe na hajui namna.

Jumanne, 19 Aprili

Mvua ya kutwa. Maji yameingia nyumba ya tano, na nyumba ya nne mlangoni. Yangu ni ya kwanza, mimi bado mkavu. Nimekaa na ukavu wangu.

Jumatano, 20 Aprili

Leo nilimwita mkwe tukae wawili chumbani kwangu. Mke wa fundi nilikwisha kumhamishia kitandani kwangu, maana siku zake zimefika na chumba cha pasi kinaingia rasharasha za mvua. Nikamwuliza mkwe kitu ambacho sijawahi kumwuliza, nacho ni maoni yake.

Akasema, sitaki kukuvunja moyo, Mama. Nikamwambia asiwe kama mumewe.

"Kizibo kiko chini ya chumba cha pasi," akasema. "Mkivunja sasa, siku nne mtafika, mbili za kusafisha. Mkingoja kiangazi, mpima atavunja zote tisa, na hicho chumba kimo."

Nikamwuliza amelijua tangu lini. Tangu ile siku ya shuka. Kwa nini hakusema? Akasema, ulikuwa umeshasikia ya kutosha siku ile.

Nimeishi na mtu huyu miaka kumi na moja na nilikuwa namhesabia ndoo za buluu.

Niliingia chumba cha pasi peke yangu. Meza, pasi saba, madirisha mawili. Jioni mwanga unakuja toka dirisha la pili, hapo ndipo unapoona kunjo la kola kama limekaa sawa. Nilipiga pasi shati moja la mwisho, la mpima mwenyewe. Nimelipiga vizuri. Asiseme.

Alhamisi, 21 Aprili

Mwanangu, soma hapa, maana nikikuambia kwa mdomo utabishana na mimi na muda hatuna. Zimebaki siku nane.

Kesho kukipambazuka panda juu ya chumba cha pasi uondoe mabati. Yapeleke kwa fundi viatu, yeye ndiye asiye na nyumba. Milango na madirisha yafuate hukohuko. Meza ikatwe iwe kibao chake cha kazi, mbao ni nzuri. Nguo za wateja ziende kwa jirani wa juu yangu, alama zote nimezikagua, mtu asizichanganye. Kisha vunja kuta, zote nne, na mawe yajenge ukuta wake. Usinipitie kuniuliza kama nina uhakika. Mabamba yainuliwe mchana huohuo, mvua inyeshe isinyeshe.

Mkeo ndiye atakayesema mchimbe wapi, na mwache lini. Wanaume wakinung'unika, waambie nimesema mimi. Mimi mwenyewe nitabeba karai nyuma yake. Anzeni.